Nusu ya Kitabu Iko Kwangu, Mwisho Uko Bunyakiri

Wakuu, nawasalimu kutoka Bukavu, muji wenye milima mingi kuliko viatu.

Kabla sijaanza: Kiswahili chetu huku kinatembea na miguu yake chenyewe. Mukiona "mutoto" na "iko", musinipeleke ubaoni. Mwalimu wangu ananipelekaka kila siku na bado hajashinda.

Lakini kisa ni cha kweli. Nikiongeza chumvi, Papa ndiye anipikie mwezi muzima. Chini mutaona kwa nini hicho ni kiapo kizito.

Mimi ni musichana, bado niko masomoni. Nyumbani tuko wanne: Papa anayefanya kazi ya ofisi chuoni, Mama, mimi, na mudogo wangu Ashuza. Ashuza iko na miaka minane na kamasi za miaka hamsini.

Sasa vitabu.

Huku kwetu ukisikia kitabu, ni cha shule ao cha kanisa. Hadithi za kusoma kwa raha tu zinatoka mbali, ziko kwa Kifaransa, na ndani yake watoto wanacheza na theluji. Mimi theluji naijua ile ya ndani ya frigo, na umeme ukikatika frigo yetu inakuwa kabati.

Siku moja Mama akanituma makala, yaani mkaa wa kupikia, soko la Kadutu. Nikaona mama mumoja amekaa nyuma ya beseni, sawa na wale wa nyanya. Ila ndani ya beseni mulikuwa vitabu. Vyembamba, vya fotokopi, vimekunjwa na kufungwa kwa agrafe, zile pini ndogo za kubana karatasi. Jina lake Maman Faida.

"Maman, hivi ni vya kanisa?"

"Hapana, mama yangu. Ni vya uongo."

"Uongo wa nani?"

"Wangu. Niliutunga mwenyewe."

Wakuu, nilinunua palepale. Makala ikangoja, na Mama nyumbani akanionyesha alichofikiria juu ya fasihi.

Kitabu chenyewe kilikuwa na vichwa viwili. Upande mumoja jalada ya bluu: hadithi ya watoto. Unakigeuza juu chini, unakuta jalada nyekundu: hadithi ya wakubwa. Kila moja inaanza kwenye jalada yake, halafu zinakutana katikati kama watu wawili kwenye daraja nyembamba.

Nilipomuuliza Maman Faida sababu, alisema: "Nyumba inanunua kitabu kimoja tu. Basi lazima kishibishe meza yote."

Papa ndiye alitangulia kusoma upande mwekundu, akamaliza, akakohoa, akaufunga kwa kibano cha kuanikia nguo.

"Haya si ya umri wako," akaniambia.

Kibano cha nguo, wakuu! Mutu wa chuo kikuu! Nilikitoa, nikasoma, nikakirudisha. Ubaya wote uliokuwa mule ni mwanamuke aliyemwambia shemeji yake ukweli.

Kutoka hapo macho yangu yakafunguka. Kumbe waandishi wanatembea kati yetu kimya kimya, bila kampuni, bila zawadi, bila picha ya kushika kidevu.

Kuna mwalimu muzee wa kule Miti, nje ya muji, anaandika juu ya mbwa wa polisi anayeogopa wezi. Vitabu vyake vinashuka mujini pamoja na wamama wa mboga, kwa hiyo vinanuka vitunguu. Mimi sasa nikisikia harufu ya kitunguu nacheka peke yangu.

Kuna kijana mwenye saluni anaandika mapenzi. Yeye anabandika sura moja kwenye kila kioo. Ukitaka sura ya pili, unahamia kiti cha pili, na kila kiti kina kazi yake ya nywele. Kuna mama aliingia kusuka tu, akatoka kipara juu ya kutafuta mwisho.

Lakini wetu alikuwa Maman Faida. Kila kitabu kipya, mimi ndiye nilisoma upande wa bluu kwa sauti. Nilikuwa najibana pua nikifanya wanyama. Ashuza alicheka mpaka zile kamasi zinapiga baluni.

Haya. Tufike kwenye kosa.

Koko, yaani mama ya Mama, akaugua kule Bunyakiri. Mama akaamua kwenda kumutazama siku chache, na Ashuza amufuate. Mimi nibaki kwa sababu ya shule, na ya Papa, ambaye iko na diploma tatu na hawezi kuchemusha maji bila kuyaunguza.

Asubuhi ile tukiwasindikiza kwenye gari, tukapita kwa Maman Faida. Kitabu cha tatu kilikuwa kimetoka siku ileile, bado kina joto la mashine. Tukakinunua.

Ashuza akaanza kukisoma palepale kwenye parking, kati ya mabeseni na kuku. Sambaza mumoja, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, anataka kupanda mulima aone ziwa kutoka juu. Basi anajificha ndani ya bidoni ya musichana anayechota maji. Bidoni inapanda mulima…

"Leta, mimi ndiye nasomaka," nikasema.

"Kitabu kinaenda Bunyakiri!"

"Kinabaki Bukavu! Kule mutakifungia karanga."

Tukavutana. Shofa akapiga honi. Mama, mizigo mikononi, akapasuka: "Nitakikata kama mutoto wa Sulemani!"

Wakuu, kwenye Biblia mama wa kweli alikataa mutoto akatwe. Sisi wote wawili tulisema: kata.

Mama akakipasua katikati, kwenye mukunjo, safi kabisa. Bluu ya Ashuza, nyekundu yangu. Kila mutu alifikiri ameshinda.

Gari ilipoondoka, Ashuza akatoa kichwa dirishani. "Yaya, kwaheri!" Yaya njo mimi, dada mukubwa.

Nikamujibu kwa sauti ili parking yote icheke: "Enda! Na usirudi na hizo kamasi!"

Parking ikacheka. Muyashike hayo maneno.

Halafu vita.

Vita sisi tumezaliwa tunaikuta. Inaendaka, inarudi, kama mugeni asiyejua kuaga. Safari hii ikashuka kutoka upande wa uwanja wa ndege mpaka ndani ya muji. Papa aliweka godoro kwenye dirisha, tukalala kwenye koridoo, akaanza kunipigia vichekesho. Papa! Vilikuwa vibaya sana. Hapo nikajua mambo ni makubwa kweli.

Risasi ziliponyamaza, muji ulikuwa na wenyewe wengine. Na barabara ya Bunyakiri ilikatika katikati: wenye bunduki huku, wenye bunduki kule, na katikati hakuna anayepita. Simu za kule zikafa zote.

Tukabaki wawili na fufu ya Papa, ule ugali wetu. Fufu ile, ukiiangusha, inakuuliza kwa nini umeiangusha.

Nilianza kusoma nusu yangu polepole, ukurasa kidogo kidogo, kama mutu anayelamba sukari ya mwisho.

Ni juu ya mwanamuke ambaye bwana yake alienda machimboni akapotea miaka. Siku moja mutu anabisha hodi. Sauti ni kama yake. Mwanamuke hafungui. Anasimama nyuma ya mulango, anauliza: "Siku uliondoka, nilikuambia maneno gani?"

Mwanaume anakohoa. Anafungua kinywa.

Nikageuza ukurasa. Imeandikwa: "Mwisho uko upande wa watoto. Waombe."

Nikasoma tena. Nikaangalia chini ya ukurasa. Pale, juu chini, kulikuwa maneno mengine, kwa herufi kubwa za watoto: mwisho wa sambaza.

Maman Faida alikuwa amebadilisha miisho! Vitabu viwili vya kwanza, kila hadithi iliishia kwake. Hiki cha tatu, mwisho wa wakubwa uko kwa watoto, na wa watoto uko kwa wakubwa. Mwisho wangu ulikuwa Bunyakiri, kwenye mikono yenye kamasi. Na mwisho wa Ashuza nilikuwa nimeukalia mimi Bukavu.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu lile swali la yule mwanamuke lilikuwa limenigeukia mimi.

Siku aliondoka, nilimuambia maneno gani?

Usirudi.

Nilitia neno kamasi ndani, ndiyo. Lakini mutoto anashikaka neno la kwanza, mengine yanaanguka njiani. Na kama lile ndilo neno la mwisho kati yetu?

Kumukumbuka mutu mudogo ni kazi ya ajabu. Mama nilimukumbuka wakati wa kula, hiyo inaeleweka. Ashuza nilimukumbuka kwenye vitu vya kipumbavu. Sahani yake ya plastiki. Ndala moja aliyoiacha chini ya meza. Nyumba ilikuwa safi, wakuu. Hakuna aliyepangusa pua kwenye pazia, na mimi nilikuwa nalitazama lile pazia safi nikitamani kulichoma.

Shule zikafunguliwa. Nikaenda, nikafanya utani kama kawaida, wanafunzi wakacheka. Nikirudi, naangalia simu ya Papa. Hakuna kitu.

Mpaka siku moja Papa akiwa anapepeta unga, simu ikalia. Namba tusiyoijua. Kulikuwa mutu mwenye simu aliyewapandisha kwenye kilima fulani ambapo mutandao unapita pamoja na upepo. Mama! Wazima. Koko naye mugonjwa bado, lakini anagombana, kwa hiyo atapona. Papa alikuwa anajibu "eeh, eeh" na unga wote umemwagika kwenye viatu.

Halafu akanipa simu.

"Yaya."

"Kamasi."

Akacheka. Wakuu, ningeweza kula fufu ya Papa mwaka muzima juu ya kile kicheko.

"Yaya, sambaza walimumwaga kwenye chungu ao?"

"Mwisho wake iko kwangu. Ngoja nikusomee." Karatasi nilikuwa nayo tayari, na pua nimeshaibana.

"Hapana! Usisome! Kwa simu pua yako haisikilikane muzuri."

"Wee mutoto…"

"Utasoma nikifika. Na mimi niko na yako. Iko bwana mumoja amesimama inje ya mulango, anasema—"

"Nyamaza!" nikapiga kelele. Papa akafikiri kuna aliyekufa. "Usiseme! Utanisomea wewe, hapa."

"Sawa. Nimeiweka kwa sanduku ya Koko, mbuzi asiikule."

Upepo ukapita kwenye simu. Halafu, kwa sauti ndogo:

"Yaya, ulisema nisirudi na kamasi."

"Rudi nazo," nikamuambia. "Rudi nazo zote. Unasikia? Zote."

Sijui kama alisikia. Mutandao ulikuwa umeenda.

Kisha nikaenda kumutafuta Maman Faida. Alikuwa kwenye fasi yake ileile, beseni ileile, lakini ndani ni unga. Kibanda cha fotokopi kilikuwa kimefungwa, na nani ananunua uongo wakati ukweli umejaa barabarani bure? Agrafezi yake, kile kimashine cha kupigia agrafe, bado aliishika: sasa anafungia vifuko vya unga.

Nikamuelezea yote. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Ba papa walikuwa wanafungia vitabu ofisini, watoto hawavioni," akasema. "Nikawaza: nitawawekea mwisho kwa watoto, wakaombe. Sasa nani alifikiri kuna watu watapasua?"

"Sisi, Maman."

Akaingiza mukono chini ya vifuko, akatoa kitabu cha tatu. Kizima. Kilikuwa cha mwisho, alikuwa amejiwekea mwenyewe.

"Chukua, mama yangu. Soma mwisho wako."

Nikakipangusa unga. Nikakifungua kuelekea katikati. Ukurasa ule ulikuwa pale, nilihitaji kuinua kidole tu. Yule bwana amesimama nje, kinywa wazi, ananingoja.

"Maman," nikasema, "agrafe ziko?"

"Za nini?"

"Funga hapa katikati. Na hapa. Na hapa."

Akaniangalia. Halafu akafunga. Ta. Ta. Ta.

"Zitaniishia, na unga bado."

"Weka moja ingine."

Kitabu sasa kiko kwenye kabati, juu ya sahani ya plastiki. Juzi nilimukuta Papa amekishika, anajaribu kuchungulia kati ya agrafe. Nilikichukua, nikakiongezea kibano cha nguo.

"Haya si ya umri wako," nikamuambia.

Funzo langu, wakuu, ni fupi. Waandishi wako karibu nanyi, nyuma ya mabeseni, kwenye vioo vya saluni, chini ya vitunguu. Muulizeni mutu anauza nini kabla ya kupita. Na kitabu musikipasue, hata Sulemani akija mwenyewe.

Sasa muniambie. Kwenu ni nani anaandika na kuchapisha kivyake? Hadithi za watoto, za wakubwa, zote nataka. Anauzia wapi? Vinanuka nini? Nawekea akiba, kuna mutu nitamusomea.

Na kama muko mutu humu anasoma huu uzi kutoka Bunyakiri, ukaona mutoto mwenye jalada ya bluu na pua inayovuja, tafazali usimuombe akusomee mwisho. Ni wangu.

Umuambie tu Yaya wake bado hajasoma.