Uzi Mwekundu Ubavuni mwa Injini

Gari la Stamena lilikuwa la Kirusi, rangi ya haradali, na lilikuwa limezeeka pamoja naye bila kugombana sana. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa lilimpeleka mumewe Radoy mjini kwenye mashine ya kusafisha damu. Siku nyingine lilibeba kuni, unga, na majirani wenye meno mabovu. Basi lilikuwa limeacha kuja Gorna Buka tangu dereva wake alipostaafu, na duka lilifungwa mwaka huohuo. Kilichobaki kijijini ni wazee, mbwa, na matangazo ya wafu ambayo sisi huku Bulgaria hubandika kwenye malango, picha juu ya picha, mpaka malango mengine yakawa na nyuso nyingi kuliko watu waliomo ndani.

Stamena alikuwa mwanamke wa mikono minene na ulimi mwepesi. Alikamua ng'ombe wa ushirika mpaka ushirika ukafa. Kuendesha gari alijifunza ukubwani, kisukari kilipoyaharibu macho ya Radoy, na mwalimu wake akamwambia anaushika usukani kama anayekamua. Alimjibu kwamba ng'ombe hawakuwahi kulalamika. Watoto Mungu hakuwapa. Walikuwa wao wawili, gari, na nguruwe mmoja.

Majira ya kuchipua gari likaanza kula oili. Moshi wa buluu uliwafuata mlimani, na penye kona kali ya msitu wa mibuka, ile miti mirefu ya nchi za baridi, likawa linapanda kwa kuburura miguu, huku Radoy ameshika mlango. Stamena alijua maana yake. Gari likifa, Radoy atafuata kabla wiki haijaisha, maana damu yake haikuwa na subira.

Wakamwita Genko. Huyu alikuwa fundi wa matrekta ya ushirika na ndiye aliyemsimamia Radoy siku ya harusi, kwa hiyo Stamena alikuwa shemeji yake na alimtania alivyotaka, ingawa utani haukumwingia. Alikuwa mwembamba, hacheki, na mikono yake ilikuwa misafi kupita ya fundi yeyote niliyepata kumjua. Aliinama juu ya injini, akaisikiliza, akaomba kiti.

"Imechoka," alisema. "Inataka kufunguliwa yote."

"Gereji ya mjini wanataka pesa ya kununua gari jingine," Stamena alisema.

"Mjini wanakutoza mpaka kahawa wanayokunywa wao."

Basi wakakaa jikoni kupanga, watatu wao, mbele ya maharage na rakia, pombe kali ya matunda ambayo Radoy aliruhusiwa kuinusa tu. Ulikuwa mpango wa kujibana mpaka pumzi. Krenki ikikutwa nzima, inabaki. Pistoni zinabaki. Zinunuliwe ringi mpya, beringi, gasketi na sili za valvu. Kichwa cha injini kipelekwe mjini kusawazishwa, hilo halikwepeki. Mengine yote Genko atayasafisha kwa petroli na brashi, na ujira wake atachukua kuni.

"Na pesa ya vipuri?" Radoy aliuliza.

"Nguruwe," Stamena alisema.

"Nguruwe yule nilimpenda."

"Ulimpenda kwenye sahani. Daktari kakukataza sahani yenyewe, sasa unalilia nini?"

Nguruwe akauzwa. Injini ikatolewa na kulazwa kwenye meza ya Genko, na Radoy akawa anakwenda hospitali na gari la posta, ambalo lilikubali kumchukua kwa siku hizo chache tu, amekalia magunia ya barua kama kifurushi kisicho na anwani. Siku ya tatu Genko aliwaita, akawamulikia taa ndani ya bloku. Silinda moja ilikuwa imechubuka ukutani, mchubuko mrefu ambao ukipitisha ukucha unanasa.

"Dawa yake ni kuichonga na kutia pistoni nene zaidi," alisema.

"Shilingi ngapi?" Stamena aliuliza, maana ndivyo walivyotaniana tangu zamani kuziita pesa zao za leva majina ya kigeni.

"Nguruwe mwingine."

"Sina."

"Basi nitaifunga hivyo hivyo. Itavuta, lakini itagonga. Pistoni itakuwa inachezacheza ndani. Mwaka, labda miwili, kisha itachoka tena."

"Miwili inatosha," Radoy alisema.

"Inamtosha nani?" Stamena alimgeukia. Radoy alikuwa ameegemea ukuta, anatazama sakafu.

Injini ikafungwa, ikarudishwa, ikawashwa. Haikugonga. Ilinguruma kwa upole, sauti ile ile moja, kama paka aliyeshiba, na glasi ya maji ambayo Stamena aliiweka juu ya boneti kwa mzaha haikutikisika. Walipanda kona ya mibuka kwa gia ya tatu. Stamena alicheka mpaka machozi. Radoy naye alitabasamu, kisha akalala, na alipoamka nyumbani alisema anahisi baridi, ilhali jua la mwezi wa tano lilikuwa linawaka.

Aliyemtia Stamena wasiwasi ni jirani yake Tota, kikongwe mwenye kazi moja tu duniani, kuchungulia juu ya ua.

"Shoga, gari lako linapita siku hizi hata mbwa hawalibwekei," Tota alisema. "Ulimlipa nini Genko?"

"Kuni."

"Kuni." Tota alilirudia neno hilo kama anayelionja. "Gari la marehemu Ilcho lilitengenezwa na nani? Genko. Lile la kasisi? Genko. Magari yapo, yanatembea. Ilcho yuko wapi? Mke wa kasisi yuko wapi?"

"Wako makaburini. Mke wa kasisi alikuwa na miaka tisini, Tota."

"Themanini na tisa. Alikuwa na afya yake."

Huku kila mtu anajua habari ya kivuli. Waashi wa zamani walipotaka daraja lisimame, walimvizia mpita njia, wakapima kivuli chake kwa uzi, wakaujengea uzi ule ukutani. Daraja lilisimama. Mwenye kivuli alianza kunyauka, na siku arobaini hazikupita kabla hajabandikwa langoni. Watu waliosoma wanacheka wakisikia hayo, lakini hakuna hata mmoja wao niliyemwona akikubali kusimama karibu na waashi jua likiwa mgongoni.

Stamena naye alicheka. Kisha jioni, Radoy akiwa anakunywa mtindi mezani, aliinua macho ukutani. Taa ilikuwa nyuma yao wote wawili. Kivuli chake yeye kilikuwa cheusi, kipana, na nywele zake zote timtimu. Cha Radoy kilikuwa kimefifia kiasi kwamba maua ya rangi ya ukutani yalionekana ndani yake. Alimsogeza mumewe karibu na taa, akasingizia kumtazama jicho. Kivuli hakikukolea. Aliogopa.

Asubuhi alikwenda kwa Genko na gari, akasimama mlangoni, injini ikinguruma nyuma yake.

"Umetia nini humu ndani?"

Genko alifuta mikono yake misafi kwa kitambaa. "Ringi, beringi, gasketi. Ulinunua mwenyewe."

"Genko, mimi nimekamua ng'ombe wa mateke miaka mingi. Usinifanye nikukamate."

Alikikunja kitambaa. Kisha akasema, "Sikumvizia mtu. Alikuja mwenyewe, akasimama kwenye jua, akaniambia nipime."

"Kwa nini?"

"Muulize yeye, shemeji. Mimi ni fundi."

"Kitoe."

"Nikikitoa itagonga. Na mahali pale hapapendi kukaa patupu."

"Nimesema kitoe. Ama utatoka wewe."

Genko alizima gari, akafungua boneti, akaingiza mkono ubavuni mwa bloku. Kulikuwa na tundu la boliti lisilotumika, limezibwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Alilichokonoa kwa patasi ndogo mpaka risasi ikabanduka, akavuta kwa koleo uzi mwekundu wa sufu, ule ambao wanawake hufumia soksi. Ulitoka polepole, mrefu, na haukuwa na tone la oili. Stamena alipoupokea ulikuwa na joto, si joto la injini bali la kwapa la mtu. Aliutia katika jiko la Genko palepale, akasubiri mpaka ukawa jivu. Hakumuaga.

Njiani kurudi injini ilianza kugonga. Tok, tok, tok, kama mtu anayebisha kwa adabu mlango wa nyumba ya watu waliolala. Nyumbani Radoy alikuwa amesimama langoni, ameisikia tangu mbali, na uso wake ulikuwa umeiva kwa hasira.

"Umeniharibia," alisema.

"Nimekuharibia? Wewe ulitaka kunifanya nini?"

"Nikifa utatokaje hapa? Kwa miguu? Ukiugua nani atakupeleka, Tota mgongoni? Mimi sina pesa ya kukuachia, Stamena. Sina mtoto wa kukuachia. Nilitaka nikuachie kitu kinachowaka asubuhi."

"Mimi sikutaka gari. Nilitaka wewe ufike Jumatatu."

"Jumatatu haziishi kwako."

"Ndiyo, haziishi, na usizifupishe." Alikuwa analia na kupiga kelele kwa pamoja, na Tota, juu ya ua, safari hii aliona haya na kuingia ndani.

Usiku ule kivuli cha Radoy kilikuwa kimekolea ukutani, pua yake kubwa na yote. Hawakuzungumza tena habari hiyo. Kiangazi chote gari liligonga, likavuta moshi kidogo, likapanda kona ya mibuka kwa gia ya pili na kwa dua, na Stamena alikuja kuipenda sauti ile kuliko sauti yoyote. Tok, tok, na Radoy yupo pembeni anasinzia. Tok, tok, na anauliza kama amefunga banda la kuku. Wauguzi walilisikia likiingia uani, wakawa wanatayarisha kitanda kabla halijasimama. Mwanamke mmoja mjini alimwambia aone aibu, alipeleke gereji. Stamena alimwambia ni muziki, anayetaka asikilize.

Vuli, Genko alikuja Jumamosi moja na sanduku lake la zana. Alisema valvu zinahitaji kurekebishwa nafasi baada ya mwendo ule, na ni kweli, fundi yeyote angesema hivyo. Stamena alimtilia shaka, akamsimamia mpaka alipoona kwamba kweli amefungua kifuniko cha valvu na amepima kwa vibati vyake. Ila ilikuwa siku ya kuchoma pilipili nyekundu za kuhifadhi kwenye chupa kwa ajili ya msimu wa baridi, na pilipili hazingojei mtu. Akaingia jikoni. Kupitia dirishani alimwona Radoy ametoka nje bila fimbo, amesimama wima uani, jua la alasiri likimpiga mgongoni na kumrefusha mpaka kwenye banda. Hakuwa amemwona akisimama hivyo tangu mwaka jana. Akafurahi. Alimgongea kioo kwa vidole vyenye maji ya pilipili, naye akampungia mkono.

Gari liliendelea kugonga baada ya hapo, Jumatatu ile na nyingine zilizofuata, na Stamena akaamini kwamba valvu zilikuwa valvu tu. Radoy alipungua, lakini watu wa mashine hupungua. Alilalamika baridi, lakini theluji ya kwanza ilikuwa imeshuka mpaka kwenye mibuka. Jikoni walikuwa wameanza kukaa gizani mapema, mbele ya mlango wa jiko, maana Radoy alisema taa inamuumiza macho. Stamena alimwamini, macho yake yalikuwa mabovu miaka yote.

Ijumaa moja walikuwa wanashuka kwenda hospitali. Barabara ilikuwa nyeupe na hapakuwa na gari jingine. Radoy alikuwa amefunikwa blanketi, anazungumza juu ya kabichi, kwamba pipa la mwaka huu limetiwa chumvi nyingi.

"Mwaka jana ulisema haikutosha," Stamena alimwambia.

"Mwaka jana haikutosha," alisema.

Wakaingia kwenye kona, na injini ikaacha kugonga.

Haikuzima. Ilishika sauti moja laini, ya upole, na gari likateleza mbele bila mtikisiko, kama liko hewani. Stamena alishika usukani kwa nguvu. Alitazama barabara, hakutazama pembeni.

"Radoy," alisema.

Akaita tena, kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya juu, halafu kwa jina alilomwita walipokuwa wachumba, ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Akasimamisha gari kando ya mibuka, na hapo ndipo alipogeuka. Radoy alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, macho wazi, na pumzi yake ya mwisho ilikuwa bado imebaki juu ya kioo, ukungu mdogo unaoyeyuka kuanzia pembeni. Stamena alimpiga kofi begani. Alimtukana. Alimwambia pilipili, Genko, jua, uzi wa pili mlioufunga ungoje pumzi ya mwisho ili nisisikie, nimekugongea dirisha na wewe ukanipungia mkono. Kisha akamlalia kifuani na kulia kwa sauti, peke yao mlimani, na chini yao injini inanguruma vizuri.

Ilimchukiza kuisikia. Alinyoosha mkono, akazima swichi, akachomoa ufunguo. Injini iliendelea. Alikanyaga breki, akatia gia na kuachia klachi ili iizime kwa nguvu. Gari halikushtuka wala kuzima. Lilisogea mbele, taratibu, kwa uangalifu mkubwa kama lilivyokuwa likiendeshwa na Radoy enzi macho yake yalipokuwa mazima, likajipeleka mpaka mahali barabara inapopanuka, pale magari yanapogeuzwa kurudi kijijini.