Documentaire ya uwanja wetu wa ndege, na papa yangu "Pilote"

Bakubwa, jambo kwenu bote. Ile nitaeleza hapa ni kweli tupu. Mama yangu iko hai, mukikuwa na mashaka mumuulize.

Mimi ni mwalimu wa histoire hapa Beni, commune ya Bungulu. Mais kwetu ni Butembo, na kule papa anajulikana na jina moja tu: Pilote.

Alitumikaka kazi ku uwanja wa ndege wa kule miaka mingi. Toka utoto nilijua papa anaendeshaka ndege. Ku masomo batoto bengine balikuwa bananiachia kiti ya mbele. Mutoto wa Pilote!

(Mutaniuliza: ulimuonaka ndani ya ndege? Hapana. Mais nani alimuonaka Mungu, na tunaendaka ku kanisa kila yenga, kila Jumapili?)

Donc chef mumoja wa bureau ya uwanja, mutu wa Kasaï, akataka documentaire juu ya historia ya uwanja. Akaniita. "Mwalimu, wewe mutoto wa Pilote. Nani anajua ile historia kukupita?"

Nikakubali mbio. Nikapanda moto, ile pikipiki ya kulipa, mupaka Butembo, na telefone yenye camera ya muzuri.

Papa akavaa shati nyeupe, nikamukalisha pembeni ya piste, kwenye ndege zinakimbiaka. Nikaanza na swali nyepesi: "Papa, siku ya kwanza uliendesha ndege, ulisikia namna gani ndani ya roho?"

Akaangalia piste.

"Mutoto wangu, mimi hapana kuendeshaka ndege. Hata kupanda, hapana. Nilikuwa napima batu kilo."

Nilifikiri telefone imeharibika.

Akaeleza. Ndege zilikuwa za kidogo, donc kila mutu alikuwa anapanda ku balance na muzigo yake, papa anaandika. Bamama ba biashara balimuchukia, juu alikuwa anasoma kilo na sauti kubwa. Bakamuita Pilote kwa kumucheka. Bengine bakasikia, bakaishika kama kweli.

"Nilibaambia hapana, bakasema najishusha. Kiisha wewe ukakomaa, ukafurahi na ile jina. Njo nikanyamaza."

Nikamufuata mama mbio. Alikuwa anachambua maharagi ya Musienene.

"Mama, ulijua?"

"Nitakosa kujua namna gani? Siku ya kwanza tulionana alinipima, akapiga kelele mbele ya batu bote: kilo makumi saba na mbili! Pilote gani anasemaka vile?"

Nilisikia haya. Banafunzi batasema nini? Nikamuambia papa nitakata ile fasi ya kilo mu documentaire. Akakataa.

"Acha vile. Nimezeeka. Sitaki pastere aseme uongo juu ya sanduku yangu siku ya kunizika."

Basi nikaacha. Yenga moja kiisha ibada, tukaonyesha documentaire ndani ya salle ya paroisse, kule Butembo. Ilijaa mupaka ku milango. Ikafika fasi ya papa: "Nilikuwa napima batu kilo."

Nikainamisha kichwa.

Muzee mumoja wa nyuma akaanza kucheka. Salle nzima ikacheka, makofi ikalia. "Pilote anajua kujishusha!"

Tantine mumoja akasimama. "Huyu alinipelekaka mupaka Goma! Ndege ilikuwa inatikisika, yeye ametulia tu!"

Papa naye akasimama. "Hapana, mama! Nilikupima, kiisha nikabaki chini!"

"Munaona? Unyenyekevu!" Makofi tena.

Chef akanikamata mukono. "Kazi muzuri, mwalimu. Mais ku ile fasi ya Pilote, montage ya picha ilikosea. Urekebishe."

Sikugusa kitu. Documentaire iko vile.

Njiani, karibu ya nyumba, papa akasema: "Nilibeba ile jina miaka yote. Leo nilitaka kuiweka chini, bakanirudishia ku kichwa." Alikuwa na hasira ya kweli.

Kesho yake nikarudi Beni. Directeur wa masomo yetu akanisalimia mbele ya balimu bengine: "Mutoto wa Pilote, ulifika muzuri?"

Bakubwa, nikaitika.

Somo niliyopata: uongo ikizeeka mu muji, batu banaisalimia kama muzee. Kweli museme ingali mapema.

Na nyinyi? Kwenu kuko mutu anaitwa Docteur, Colonel, Ingénieur? Mulisha kumuuliza? Andikeni hapa chini, nasoma yote. Bale ba kunitukana pia, karibuni.