Aliyewasikiliza kwa Macho

Mashine ya kusaga ya mtaa wetu ina kelele kiasi kwamba ukiomba msaada ndani ya kibanda chake utakufa huku watu wakikupungia mkono. Mama Mashine alikaa ndani ya kelele hizo zaidi ya miaka ishirini. Kazi ilikuwa ya mumewe. Mume alipofariki, mwenye mashine alikuja kutoa pole, akaangalia huku na huku, akamkabidhi mjane spana na mkanda wa akiba, akaondoka. Mama akarithi ajira hivyo, bila usaili. Masikio yake nayo yakaanza kuaga taratibu, moja kwanza, halafu la pili, kama wapangaji waungwana wasiotaka ugomvi na mwenye nyumba.

Wote tulijua ni kiziwi. Tulimwonyesha vidole: kilo hizi, saga laini, pumba nibakizie kwa ajili ya kuku. Wanawe wawili, walio mbali na wenye shughuli zao, walimpigia simu kila walipokumbuka. Aliishika sikioni kwa heshima zote, akasema, "Haya, haya mwanangu, nashukuru," kisha akaikata bila kujua kama ameambiwa kuna mjukuu au kuna msiba. Simu haina midomo.

Hilo la midomo ndilo tulilokuwa hatulijui. Mama Mashine alikuwa anasoma midomo ya watu. Hakufundishwa na yeyote wala hakupewa cheti. Kigoda chake kilikuwa kando ya mota, uso ukielekea mlangoni, na foleni ilisimama hapo hapo mlangoni. Ukiwatazama watu wakiongea miaka yote hiyo bila kusikia kitu, mwisho maneno yanaanza kuonekana.

Na foleni ilikuwa ya vijana. Hakuna mzazi anayebeba debe la mahindi kichwani wakati nyumbani amefuga mtu wa miaka kumi na tano. Tena vijana hawakuwa na pengine pa kusimama. Mtaa una Kamati ya Malezi na Ustawi wa Vijana, ambayo mjumbe wake mdogo kabisa ana wajukuu, na kamati hiyo ilikuwa imeshapiga marufuku kukaa kwenye karavati, kukaa kwenye ukuta wa shule, na kuegemea nguzo ya duka. Sababu iliyoandikwa ni kuwajengea vijana uwezo. Wakabakiwa na foleni ya mashine, kwa kuwa hata kamati inakula.

Basi walimwaga kila kitu pale. Kelele inakufunika vizuri kuliko ukuta, na bibi aliye mbele yako ni kiziwi. Wasichana walitajana wapenzi. Wavulana walikiri kuogopa hisabati, giza na baba zao. Mama Mashine alikaa na unga kwenye nyusi, uso umetulia kama gunia, akisikiliza kwa macho.

Hakuwahi kumwambia mtu. Ila alikuwa na vijitabia vyake. Msichana mmoja alimwambia mwenzake kwamba amevunja chupa ya chai ya mama yake na leo ngozi yake itatumika kama ngoma. Jioni hiyo Mama Mashine akajikuta, kwa bahati tu, anapita nyumba ile na chupa yake ya zamani mkononi. "Mimi chai nimeacha," alimwambia mama mtu, "nani atanisaidia kuitumia?" Mwingine alisema kwao hawajapika tangu jana, kipimo chake kikakosewa, akaondoka na unga mwingi kuliko mahindi aliyoleta. Vijana wakaanza kuambiana kwamba yule bibi ana bahati. Ukisimama naye, shida inapungua. Hawakujua kwa nini, na yeye alitaka iwe hivyo. Usiku alikuwa na kitanda na dari. Mchana alikuwa na watoto wa mtaa mzima. Nani angetaka kubadilisha?

Sasa alikuwepo kijana mmoja tuliyemwita Nyavu. Alikuwa kipa, na jina lilitokana na kitu kilichotikisika kila alipocheza. Baba yake ni fundi seremala, mtu anayeongea na mbao kuliko na watu. Mama yake hayupo siku nyingi. Nyumbani walikuwa baba, Nyavu na mdogo wake wa kike, na vumbi la randa.

Ilikuwa Alhamisi. Nyavu alisimama kwenye foleni na rafiki yake Bisibisi, kijana mwembamba aliyekuwa akijifunza ufundi gereji.

"Lori la mbao linaondoka Jumatatu," Bisibisi alisema. "Dereva kasema tukae juu ya turubai, tusipige miluzi kama wehu. Machimboni wanachukua yeyote mwenye mikono."

"Mikono ninayo."

"Mikono yako tunaijua. Mipira inapita hapo kama imealikwa."

"Nenda zako!"

Walicheka. Kisha Bisibisi akauliza, "Na mzee wako?"

"Mzee? Tangu matokeo yatoke hajaniita jina. Akitaka msumari anagonga meza. Akitaka nile anagonga meza. Siku moja nitaitika kwa kugonga na mimi."

"Kwa hiyo unakuja."

Nyavu aliutazama mkanda wa mashine ukizunguka. "Nakuja. Ila nikwambie kitu, usinicheke. Nikipata mtu mmoja, mmoja tu, akaniambia baki... sio anitukane, sio anihubirie. Aniambie tu, Nyavu, baki. Nabaki."

"Basi mimi nakwambia baki."

"Wewe si unakwenda, mpumbavu!"

Mama Mashine aliinuka kwenye kigoda. Alifika hadi lilipo debe la Nyavu, akalishika masikio, na neno lilikuwa tayari mdomoni. Lina herufi nne. Lakini akawaza: nikisema baki, atauliza umejuaje. Nikimwambia nilivyojua, jioni foleni nzima itakuwa na habari, na kesho nitakaa hapa natazama midomo iliyofungwa. Akamwaga mahindi kwenye mashine. Akamwongezea unga. Akamtabasamia. Nyavu akatabasamu naye, akabeba debe lake, akaenda.

Alipofunga kibanda alikwenda ofisi ya mtaa. Aliona hiyo ndiyo njia ya busara, kijana aokolewe na yeye abaki kiziwi machoni pa foleni.

Mwenyekiti wetu si mtu mbaya. Naomba lieleweke hilo, maana mtaani tumeshachoka kumsema. Akisikia kuna maiti anafika kabla ya ndugu. Ugonjwa wake ni mmoja, kipaza sauti. Akikiona anakuwa kama mbuzi aliyeona mlango wa jiko wazi. Ana masharubu yanayofunika nusu ya maneno yake, na Mama Mashine ilibidi asogeze kiti karibu ili aupate mdomo wa chini.

Alimweleza yote. Lori, Jumatatu, machimboni. Ilibidi amweleze pia alivyojua, maana Mwenyekiti aliuliza mara tatu, na mara zote alishangaa upya.

"Hata mimi unanisoma sasa hivi?"

"Nakusoma, mwenyekiti. Ukinyoa hayo nitakusoma vizuri zaidi."

Alicheka, akajishika masharubu. Mama hakucheka. "Mwite faraghani, mwenyekiti. Au mwite baba yake. Yule mtoto anataka tu mtu amwambie baki."

Mwenyekiti akaweka mkono kifuani. "Mama yangu, hilo limekwisha. Ataambiwa. Ataambiwa na mtaa mzima."

Mama akaenda nyumbani na moyo mwepesi. Viongozi wote huongea hivyo, mtaa mzima hiki, mtaa mzima kile. Alidhani ni namna ya kusema.

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa hadhara. Turubai lilifungwa, viti vya plastiki vikapangwa, na bango likaandikwa VIJANA KWANZA. Vijana wenyewe walikaa nyuma kabisa, chini, maana viti viliishia kwa wazee. Mwenyekiti alipiga kipaza sauti kwa kidole, akasema moja, mbili, moja, mbili, hesabu ambayo hajawahi kuifikisha tatu. Kisha akamwita Nyavu mbele.

Nyavu alidhani anapewa zawadi ya mpira. Alijifuta mikono kwenye suruali akaenda anacheka. Akapandishwa juu ya meza, ili aonekane.

"Ndugu wananchi," Mwenyekiti alisema, "kijana huyu alitaka kututoroka. Jumatatu! Kwa lori!" Watu wakaguna. "Lakini nimeambiwa jambo moja lililonitoa machozi. Kijana huyu anasema, akipata mtu wa kumwambia baki, atabaki. Sasa sisi ni watu au si watu?"

"Ni watu!"

"Tumwambie! Moja, mbili..."

"Baki!" mtaa ukapiga kelele. "Baki! Baki!" Watoto wadogo waliruka wakipiga makofi. Mganga wa mifugo alipiga filimbi. Hata mimi nilisema baki, nisiwe mwongo, na nilisema kwa sauti nzuri tu. Seremala alikuwa amekaa mstari wa pili, macho kwenye miguu ya kiti cha mbele, kama anayekagua kama kimechongwa sawa. Yeye peke yake hakufumbua mdomo. Juu ya meza, kijana mrefu wa miaka kumi na sita alilia mbele ya kila mtu anayemfahamu duniani, mikono ikining'inia, ile mikono.

Mama Mashine alikuwa mstari wa mbele, mahali pa heshima. Aliona midomo yote ikifunguka na kufunga neno lake. Yeye alitaka lisemwe mara moja, na mtu mmoja.

Haikuishia hapo. "Na tumshukuru," Mwenyekiti aliendelea, "mama yetu wa mashine! Watoto, mlidhani hasikii? Anasoma midomo! Huyu ndiye jicho la kamati!" Akamkabidhi saa ya ukutani yenye picha yake mwenyewe, Mwenyekiti, akitabasamu katikati ya mishale. Makofi yakapigwa. Kule nyuma, chini, kila kijana alianza kupekua kichwani aliyoyasema tangu alipoanza kutumwa kusaga.

Siku iliyofuata Nyavu alileta debe la mahindi kama kawaida. Foleni ilimpisha, hakuna aliyetaka kusimama karibu naye. Alilitua mbele ya kigoda, akachuchumaa hadi uso wake ukawa sawa na wa Mama Mashine. Akasema taratibu, bila sauti, kila neno akilichonga ili lisipotee.

"Ungeniambia wewe."

Akainuka, akaacha debe, akaenda. Hakungoja lori. Bisibisi alifungiwa na wazazi wake hadi Jumatatu ikapita, na leo ana gereji yake na kitambi kidogo. Nyavu alikwenda peke yake, kwa miguu, mchana kweupe, akapita mbele ya ofisi ya mtaa. Mwenyekiti alimpungia mkono. Alidhani anakwenda mazoezini.

Debe lilikaa pale wiki nzima hadi mdogo wake alipolifuata. Mama Mashine alikuwa ameshalisaga, amelijaza hadi juu. Seremala alikwenda ofisini kuuliza, mara ya kwanza watu kumsikia akiunganisha maneno mengi. Aliambiwa kamati inalifanyia kazi. Alirudi karakana, akachonga kitanda cha kijana, kirefu kuliko cha zamani. Bado kipo, hakiuzwi. Ukikiulizia bei anagonga meza.

Foleni ikabadilika. Hakuna aliyemtukana Mama Mashine. Wangemtukana, kamati ingepata kesi ya kujivunia. Waliziba midomo kwa kiganja. Wengine walisimama wakimpa mgongo, safu ya migongo hadi barabarani. Baadaye wakaona tabu, wakawa wanatumia mashine mpya ya mtaa wa pili, mwendo mrefu jua kali, debe kichwani. Wanaozungumza nao huko ni nani, hatujui. Kamati imefurahi sana, inasema utoro umekwisha na vijana wametulia.

Saa aliitundika, angefanyaje, ukutani nyuma ya kigoda. Unga ukamfunika Mwenyekiti masharubu kwanza, halafu uso.

Mwaka jana, mashine ya mtaa wa pili iliharibika, na mdogo wake Nyavu alilazimika kuja. Sasa amekuwa msichana mkubwa, umri ule ule aliokuwa nao kaka yake alipoondoka. Alikuja na shoga yake. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika debe kichwani, hakuwa na cha kuzibia mdomo, na alikuwa na jambo lililokuwa linamtoka lenyewe.

Mama Mashine aliona midomo ikisema, "Kaka kapiga simu jana."

Aliinama mbele kwenye kigoda. Miaka yote hiyo alikuwa akitaka kujua jambo hilo moja tu: yuko wapi, anakula, amekuwa mtu wa namna gani. Msichana akamsogelea shoga yake, macho yakimetameta.

"Usimwambie mtu, lakini..."

Mama Mashine aliinuka, akakikamata kigoda chake, akakigeuza. Akakaa akiutazama ukuta, saa na Mwenyekiti mweupe akitabasamu, mabega yakitetemeka pamoja na mota, hadi mahindi yaliyokuwa kwenye mashine yakaisha kusagwa.