Ng'ombe Wangu na Shimo la Mboji

Umoja wa wenye nyumba wa mtaa wetu, juu kidogo ya mji mdogo wa Maji ya Chai, mlimani Meru, uliamua kutunza mazingira, na kitu cha kwanza walichokiona kinayachafua ni ng'ombe wangu.

Mwenyekiti ni kijana mstaarabu aliyehamia kutoka mjini na sola zake. Alisimama kikaoni akasema taka zitenganishwe: plastiki kwenye kiroba chake, maganda yote ya jikoni kwenye shimo la pamoja, yaoze yawe mboji ya bustani zetu.

"Mboji ikianza kutoka," akamalizia, "hatutahitaji tena samadi, na mifugo itaondoka. Nzi wamezidi, mama zangu."

Wakapiga makofi. Nami nilipiga, kwa hasira, mpaka viganja vikauma.

Tangu mume wangu afariki, ng'ombe huyo ndiye mwenzangu. Asubuhi namkamua, jioni namsimulia mambo ya mtaa, na hajawahi kunikatiza. Kumtoa sikuwa tayari, hata mwenyekiti angekuja na askofu.

Shimo likachimbwa, la mraba, zuri, likawekewa kibao: MBOJI YETU. Wiki zikapita. Ndani mlikuwa na majani ya mparachichi yaliyoletwa na upepo, na ndala moja.

Mwenyekiti alichanganyikiwa. Kila nyumba inapika ndizi, sasa maganda yanakwenda wapi? Akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiuliza, na jioni moja akafika kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu chai."

Adui naye ana kiu. Akakaa barazani, akanywa, akafumba macho.

"Hii ndiyo chai! Maziwa mazito kama ya kwangu nyumbani. Sijui mke wangu anayatoa wapi." Akaweka kikombe chini. "Mama, wewe ni mtu mzima hapa. Niambie ukweli, watu wamenigomea?"

Sijafungua mdomo, geti la nyuma likalia. Akaingia mkewe, binti wa Kimeru wa huku huku, ndoo ya maganda kichwani na chupa tupu mkononi.

"Mama, nisamehe nimechelewa! Nilikuwa nasubiri yule wangu aondoke, si unajua, anazunguka anatafuta taka za watu!"

Halafu akamwona.

Hakuna aliyekula njama, naapa. Huku mlimani ukimenya ndizi, unajua tayari nani ana ng'ombe. Maganda yanakuja, maziwa yanaondoka, samadi inakwenda migombani. Mama zetu walifanya hivyo bila kikao. Kutupa ganda shimoni wakati ng'ombe wa jirani analia njaa ni dhambi, na mkewe alifundishwa hivyo tangu utotoni.

Mwenyekiti alitazama ndoo, akatazama chupa, akatazama kikombe. Nilijitahidi kutocheka, nikashindwa vibaya.

"Mimina tena, mama," akasema mwishowe.

Kikao kilichofuata alitangaza kwamba mradi wa mboji umefanikiwa, ila umehamishwa. Kuhusu nzi, tulikubaliana samadi izolewe kila asubuhi, na ndoo ya kwanza iende kwenye sukuma wiki zake. Kibao akakipigilia mwenyewe kwenye mlango wa zizi langu.

Jioni ile nilimsimulia ng'ombe habari yote, nikamkumbatia shingo, nikalia. Yeye akaendelea kutafuna maganda ya mwenyekiti.