Mtoto Nyuma ya Magunia

Niliondoka Likasi, Kongo, kwa sababu ya Mado, mtoto wa mdogo wangu Furaha, mwenye miezi saba. Sisi huosha mawe ya kobalti mtoni, upande wa Kakanda. Kanuni ya kimataifa inasema mtoto akionekana machimboni, mawe hayanunuliwi. Basi mkaguzi akija, akina mama hulaza watoto nyuma ya magunia, kwenye vumbi. Mado alikuwa ameanza kukohoa.

Nilipoalikwa mkutanoni Geneva kuwasemea waoshaji, Furaha aliniambia mimi dada yake mkubwa, "Yaya, ubaambie. Miye siko na muntu wa kumuachia mutoto."

Jumatatu asubuhi nilipanda gari hadi Lubumbashi, kisha ndege. Mkobani nilitia kitenge anachobebewa Mado.

Geneva, siku ya kwanza. Mashirika mengi, kila moja na kibao chake mezani. Kupitia mkalimani niliuliza nani aliandika kanuni ile. Shirika la biashara ya madini lilisema limeitoa kwa shirika la wafanyakazi. La wafanyakazi likasema kanuni yao ilikataza tu watoto kufanya kazi. Neno "kuonekana" liliongezwa na wenzao. Nilikasirika, sifichi. Kumbe wananakiliana, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyefikiri.

Siku ya pili, saa ya kahawa, niliwaketisha mabibi wawili wa mashirika hayo meza moja, nikatandika kitenge. Kilikuwa bado na vumbi la magunia.

"Mtoto mnayemlinda analala kwenye vumbi hili," nikasema.

Mmoja aliligusa kwa kidole. Kisha akatoa kalamu, wakaandika pamoja: mtoto anyonyaye akae kwenye banda safi, mbali na kazi.

"Ni pendekezo tu, mama," akanionya. "Kura ni mwakani." Akanikabidhi nakala.

Likasi, Jumamosi. Tulijenga banda la miti na turubai kule mtoni, mbali na vumbi. Wiki iliyofuata mkaguzi akatokea.

"Yaya, tumufiche?" Furaha alinong'ona.

"Hapana. Abakie pale."

Nilimpa mkaguzi karatasi ya Geneva. Aliisoma mara mbili.

"Iyi bado haiyakuwa sheria, maman."

"Najua, papa," nikamjibu kwa heshima. "Lakini mutoto anakohoa sasa."

Nilijifunza safarini kwamba kanuni kubwa huandikwa na watu, na mtu huweza kuguswa. Mkaguzi aliinama bandani. Mado akamshika kidole, hamwachii. Kwa mkono uliobaki huru mkaguzi akaandika kwenye fomu yake, polepole: mtoto mmoja, amekutwa bandani, hafanyi kazi.