Kiganja cha Muzee Kwenye Skrini

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, katika sekretaria moja ya mtaa wa Majengo, kibanda cha kuchapa na kuchora kwa kompyuta, nilishindwa mbele ya watu. Waasi wamefunga barabara, mafuta ya injini hayafiki, na wachuuzi wa ziwani wanataka mashua ya tanga. Muzee atakayeiunda alikuja kuchagua umbo moja kati ya mawili yaliyochorwa kwenye kompyuta, yanayozungushwa pande zote: langu, na la dada mmoja asiye na diploma.

Langu alilitazama kama mtu anayesifu kalenda ya ukutani. “Ni muzuri, mama.”

La yule dada alilipapasa kwa kiganja, kwenye skrini, toka mbele hadi nyuma.

“Hapa mbao itakatala kupinda.”

Dada akavuta nukta moja, ubavu wa mashua ukanyooka kidogo.

“Na sasa, papa?”

“Sasa itakubali. Tutatengeneza hii.”

Niliona wivu, tena wivu wenye vipimo kamili hadi milimita. Chuoni nilipewa alama nzuri kwa kuchora vitu ambavyo hakuna aliyelazimika kuvijenga.

Kesho yake asubuhi nilienda kwa muzee, nikamwomba nishike ncha ya ubao wakati anaupinda.