Sabato ya Bitutu

Kanisa letu hapa Migori halikosi kumtembelea mgonjwa. Jumamosi, ndiyo Sabato yetu, baada ya ibada tunakwenda, watu ishirini hivi, kumwimbia na kumwombea. Mwaka jana mgonjwa wetu alikuwa Bitutu, binti wa mama Nyasuguta anayeuza ndizi sokoni. Nitasema wazi: nilikunywa chai yake Sabato tano, na mpaka leo naona aibu.

Bitutu ana lupus. Kinga ya mwili wake, badala ya kupigana na magonjwa, inampiga yeye mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Chake kiko ndani ya damu. Siku nyingine vidole vinavimba hadi hawezi kushika kalamu. Kwa sababu hiyo alikosa mtihani wa kidato cha nne, na wakati huo, akiwa na miaka kumi na tisa, alikuwa akijiandaa kuujaribu tena. Nesi wa kliniki ya Homa Bay alimwonya kwamba uchovu na mawazo huuamsha ugonjwa huo: alale vya kutosha, asome kidogo kidogo, na ajifunze kukataa.

Sisi hatukuwa tumezoea kukataliwa. Kwetu Wakisii binti wa nyumbani ndiye huhudumia wageni. Kwa hiyo mgonjwa mwenyewe alipasha chai, akabeba sinia, akaosha vikombe ishirini. Kisha tukamwombea apumzike. Kila Jumapili alishindwa kutoka kitandani, nasi tukasema maombi yaongezwe.

Sabato ya sita tulimkuta amejilaza kwenye kochi. Mama yake akamkonyeza aende jikoni. Hakwenda.

"Mzee, leo sipiki," alimwambia Mzee Mokua, kiongozi wetu.

"Bitutu, hawa ni wageni," mama yake akasema.

"Nawaona, mama. Mzee, si amri inasema Sabato hata punda apumzike?"

"Ndiyo, binti yangu."

"Sasa punda anapumzika, mimi naosha vikombe. Mtihani umebaki wiki tatu. Nikivimba tena, mtakuja kuniimbia mwaka mwingine mzima. Mimi sitaki."

Mama Nyasuguta alifunika uso kwa leso. Mimi nilikasirika, nisidanganye. Nilimwona mtoto asiye na adabu. Lakini Mzee Mokua, ambaye hajui jikoni hata kwake, aliinuka akauliza majani ya chai yanawekwa wapi. Chai yake ilikuwa mbaya kabisa. Tuliinywa yote, na kufikia hapo Bitutu alikuwa ameshalala.

Asubuhi ya karatasi ya kwanza ya mtihani nilikutana naye njiani, kofia pana kichwani kwa ajili ya jua, kalamu mbili mkononi. Nikavaa sura ya huruma.

"Pole, mwanangu," nikamwambia.

"Usinipe pole," akasema. "Nipe njia, nachelewa."